Visiwani Rukuba, nahodha mzuri hukaa mbali

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, utaona magari ya watalii yakikata kulia kwenye Lango la Ndabaka, wilayani Bunda, na kutokomea Serengeti. Kushoto, mwendo mfupi tu kutoka lami, kumetanda Ghuba ya Speke. Ni wachache wanaogeuza shingo. Siwalaumu wageni, hakuna aliyewaambia kwamba Mkoa wa Mara una upande wa pili, na kwamba upande huo hutembelewa kwa boti.

Magharibi mwa mji wa Musoma kuna visiwa vya Rukuba, vyenye mawe makubwa, makambi ya wavuvi, kenge, fisi maji na ndege. Mawe ya visiwa vya namna hii huanza kuonekana meupe ungali mbali. Ni kinyesi cha mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki, na kikizidi hukausha hata mti anaolalia. Manyoya yake huloa upesi, jambo linalomsaidia kuzama, ila akitoka majini hana budi kutandaza mabawa juani mpaka yakauke. Furukombe naye hukaa juu ya mti mkavu, akipiga ule ukelele ambao mtoto yeyote wa mwaloni anaujua.

Kati ya Oktoba na Novemba huingia wageni wa kweli. Shakwe wa mgongo mweusi, wanaozaliana Finland na nchi nyingine zinazoizunguka Bahari ya Baltiki, huruka maelfu ya kilomita kuja Ziwa Viktoria kula dagaa na mabaki ya samaki. Ndege wa baharini anahamia kwenye maji baridi, na hadithi hiyo tungeweza kumuuzia Mfini aliyekuja kutazama nyumbu.

Biashara ya kupeleka watalii kwa boti kutazama ndege, hata hivyo, ina mtego wake. Abiria akishalipa anataka asogezwe, naye nahodha anayetaka bakshishi atamsogeza mpaka mnandi wote waruke. Picha itapendeza sana. Kwenye viota lakini kutabaki mayai na makinda yasiyo na manyoya, yakichomwa na jua la saa sita, huku kenge na mwewe wakijihudumia. Chombo kikifanya hivyo kila siku, ndege watahama, na mwenye boti atabaki na mawe. Kwa hiyo ningemlipa zaidi nahodha anayezima injini mapema, akaacha mkondo ukisogeze chombo taratibu, akajua mwezi gani kisiwa kipi hakikaribiwi kabisa. Ujuzi huo wanao wavuvi kuliko mwongozaji aliyesomea simba.

Tusidhani haiwezekani. Upande wa Uganda, kwenye visiwa vya mawe vya Musambwa, wavuvi walikuwa wakiokota mayai ya shakwe wa kichwa cha kijivu. Wakisaidiwa na shirika la NatureUganda, walikubaliana kuacha, wakajiwekea sheria, na mwaka 2006 visiwa hivyo viliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, pamoja na Ghuba ya Sango. Naivasha, Kenya, wamechukua njia nyingine: mwenye boti hupiga mluzi, akarusha samaki, furukombe akashuka mbele ya kamera. Watu hushangilia. Mimi naona ni sarakasi.

Tukirudi Mara, Wilaya ya Butiama haina visiwa, lakini ina mafunjo. Wengi huzuru kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, kisha huondoka, ilhali kaskazini mwa wilaya Mto Mara unajitandaza kuwa kinamasi kikubwa kabla ya kupita chini ya Daraja la Kirumi na kuingia ziwani. Humo huishi tiva wa mafunjo, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye mafunjo yakifyekwa hana kwa kwenda. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe, na maelezo hayo yakawa mzaha nchi nzima. Mtalii wa ndege angeuliza maswali makali kuliko yetu.

Na kuna usalama, jambo lisilo na mzaha. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafa. Julai 2023 mitumbwi iliyobeba waumini ilizama Mchigondo, Bunda. Boti ya watalii itakayotoka mwalo wa Mwigobero, Musoma, bila jaketi okozi kwa kila abiria isitoke. Na iondoke alfajiri, kwa kuwa mchana upepo huinua mawimbi.

Vyombo vya kuanzia vipo. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, hivyo kila mwezi mitumbwi na mashine hulala mwaloni siku kadhaa pamoja na watu wanaoyajua mawe ya Rukuba hata gizani. Hapo kinachokosekana ni majaketi, leseni ya kubeba abiria, na darubini mbili tatu.