Pikipiki ya Safari Ndefu na Mwili wa Mpandaji

Mwaka 1973 mwandishi wa habari wa Uingereza, Ted Simon, aliondoka London kwa pikipiki aina ya Triumph yenye injini ya sentimita za ujazo 500. Safari yake ya kuizunguka dunia, iliyopita pia Afrika ya Mashariki, ilimalizika mwaka 1977. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya R 80 G/S, iliyokusudiwa barabara za lami na za vumbi pia. Tangu hapo pikipiki za namna hiyo zimeenea sana.

Hata hivyo, pikipiki itokayo kiwandani hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kimo na uzito wa wastani. Kuirekebisha ilingane na mwenyewe si anasa. Mpandaji aliyechoka huchelewa kuona hatari. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa pikipiki hupita mita 25 kila sekunde. Basi anayechelewa kwa nusu sekunde tu hupita mita 12.5 kabla hajagusa breki.

Mkao

Mwili hugusa pikipiki mahali patatu: kwenye kiti, kwenye vikanyagio na kwenye usukani. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Kani ya nyutoni 500 ikikalia sentimita za mraba 100 za kiti, kanieneo huwa nyutoni 5 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo likiongezwa hadi sentimita za mraba 250, kanieneo hushuka hadi nyutoni 2. Kanieneo kubwa hubana mishipa midogo ya damu, na hapo maumivu na ganzi huanza. Kwa hiyo kiti kipana chenye sponji ngumu kiasi hufaa kuliko kiti laini mno, kwani sponji laini hudidimia na kuiacha mifupa ikikalia ubao.

Usukani ulio mbali humlazimisha mpandaji kuegemeza uzito wake kwenye viganja. Yafaa viwiko vikunjike kidogo, na mkono wa breki uelekezwe hivi kwamba kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Kwa kuwa katika njia mbaya mpandaji husimama juu ya vikanyagio, hapana budi mkao ujaribiwe akiwa ameketi na akiwa amesimama.

Springi na mitetemo

Mwili wa binadamu aliyeketi huathiriwa zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayojirudia mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu kiwiliwili chenyewe hupenda kutikisika kwa kasi hiyo. Springi hupokea kishindo cha shimo. Shokapu huifisha mitikisiko inayofuata kwa kugeuza nishati yake kuwa joto.

Springi hupimwa hivi. Kwanza, gurudumu la nyuma huinuliwa lisiguse ardhi, na umbali kutoka ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye fremu juu yake hupimwa. Pili, mpandaji huketi, mizigo ikiwa imefungwa, na umbali hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo yapasa kuwa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu: ikiwa gurudumu laweza kupanda milimita 210, tofauti iwe karibu milimita 70. Ikizidi, springi hukazwa, ikipungua, hulegezwa. Yafaa kukumbuka kwamba kukaza hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, bali huinua tu kimo cha pikipiki. Mzigo ukiwa mzito sana, dawa ni kuweka springi nyingine iliyo ngumu zaidi.

Kuna pia mitetemo ya injini. Injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika hutetema mara 83 hivi kwa sekunde. Mitetemo hiyo ikidumu muda mrefu hutia vidole ganzi. Vipande vizito vya chuma vinavyofungwa kwenye ncha za usukani huipunguza.

Upepo na mizigo

Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, kani huwa mara 2.25 ya ile ya awali. Kioo cha mbele hukikinga kifua, lakini kioo chenye kimo kisichofaa huuelekeza upepo uliovurugika kwenye kofia ngumu na kuitikisa. Kelele za upepo nazo huweza kuzidi desibeli 90 katika mwendo wa barabara kuu. Kwa hiyo vizibo vya masikio hukinga usikivu na kupunguza uchovu.

Mizigo mizito iwekwe chini na karibu na katikati. Mzigo wa kilo 30 uliofungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika pikipiki yenye sentimita 150 kati ya ekseli zake, huliondolea gurudumu la mbele uzito wa kilo 6. Hivyo usukani huwa mwepesi na pikipiki huyumba. Upepo wa tairi nao upimwe kabla ya safari, tairi zikiwa baridi, na ulingane na uzito uliobebwa.

Jaribio darasani

Wanafunzi waweza kuthibitisha kanuni ya mizigo kwa rula, kalamu mbili za kuiegemeza na sarafu chache. Sarafu zikiwekwa nje ya kalamu moja, ncha ya upande wa pili huanza kuinuka.

Mpandaji naye abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, aandike vipimo vyake, kisha ajaribu safari fupi. Pamoja na hayo yote, marekebisho hayawezi kuchukua nafasi ya mapumziko: misuli iliyokaa hali moja kwa muda mrefu hupumzika kwa kushuka, kutembea na kunywa maji.