Gofu Vipingo: Ukiwa na pupa, utaumbuka!

NAJUA ukisikia neno gofu tu unawaza vitambi, kofia nyeupe na magari ya vioo vyeusi. Washkaji wa kijiweni kwetu nao walinicheka nilipowaaga kwamba naenda Kenya kucheza. Mmoja akaniuliza, "Unakwenda kupiga au kubeba?" Swali halikuniudhi hata kidogo, maana nilipomaliza fomu foo na ajira ikawa hadithi, nilianza kwa kubeba mifuko ya wazee kwenye uwanja mmoja hapa Dar. Kubeba ndiko kulikonifundisha kupiga. Na siyo mimi tu, maprofeshenali kibao wa Afrika Mashariki walianzia hukohuko kwenye ukedi.

Mwaliko ulitoka kwa binamu yangu anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Nikapanda basi, Tanga hiyo, Horohoro, Lunga Lunga, mpaka feri ya Likoni. Kesho yake asubuhi tukashika barabara ya Malindi, tukavuka daraja la Nyali na la Mtwapa, na baada ya mwendo usiofika saa moja tukakata kushoto kupanda kilimani. Hapo ndipo Vipingo Ridge, wilaya ya zamani na kaunti ya sasa ya Kilifi.

Bwana wee, acha kabisa! Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge. Leo ni majani mabichi yaliyonyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, mibuyu mikubwa imesimama katikati, na ukigeuka unaiona Bahari ya Hindi kule chini, bluu mpaka macho yanauma. Ndani ya eneo hilo wapo hata twiga na pundamilia. Uwanja wenyewe unaitwa Baobab, yaani Mbuyu, una mashimo 18, na aliyeuchora ni David Jones, yule Mwairishi wa Kaskazini aliyetwaa Kenya Open mwaka 1989.

Usidhani ni uwanja wa kupigia picha tu. Akina dada wanaolipwa kwa kucheza gofu Ulaya walishindania hapa Magical Kenya Ladies Open. Mjerumani Esther Henseleit alishinda mwaka 2019 na akarudia mwaka 2022, Aditi Ashok wa India akachukua mwaka 2023, na mwaka 2024 ikawa zamu ya Shannon Tan wa Singapore, binti wa miaka 19 tu. Kwa hiyo wewe unayesema gofu ni mchezo wa wazee, kaa chini kwanza.

Hesabu yake ni rahisi. Kila shimo lina idadi ya mikwaju unayotegemewa kutumia, mitatu, minne au mitano, na mashimo yote 18 ya Baobab yanafanya jumla ya 72. Ukitumia 72 wewe ni fundi. Ukitumia 100 wewe ni kama mimi na wewe.

Tulikuwa watatu, mimi, binamu na jamaa mmoja wa ofisini kwake. Kila mtu na kedi wake. Wangu alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa hukohuko, mpole, anaongea kidogo. Hao mabwana wawili walishacheza mara tatu ikawa ngoma droo, na siku hiyo wakawekeana shilingi elfu kumi za Kenya. Kwa hela zetu hiyo ni zaidi ya laki moja na nusu! Binamu alishaipangia kazi kabla hajaishika, anataka tairi mbili za gari lake, za nyuma zimeisha kabisa.

Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika. Shimo la kwanza nikachomoa fimbo kubwa, nataka kuonyesha kwamba Bongo nako kuna watu. Mzee akanigusa bega.

"Mwanangu, upepo huu hauchezewi. Ngoja ukupe nafasi."

Akanipa fimbo ndogo zaidi. Nikapiga mfupi, ukatua katikati ya njia. Yule jamaa wa ofisini akapiga kwa nguvu zote, mpira ukapaa mzuri kweli, watu tukaguna, halafu upepo ukaubeba polepole mpaka vichakani. Tukautafuta. Tangu mwaka 2019 sheria inakupa dakika tatu tu za kutafuta, zamani zilikuwa tano. Hakuuona.

Basi huo ndio ujanja wa Vipingo. Mandhari yanakuita upige mbali, kwa sababu uko juu, bahari iko chini, unajiona ndege. Lakini mbuyu umesimama hasa pale unapopania kupitisha mpira, na mashimo ya mchanga yanakungoja pembeni ya ile sehemu laini yenye bendera. Ukienda na kaskazi mgongoni, mpira unapitiliza. Ukirudi nayo usoni, fimbo uliyoizoea kwa mita 150 haifiki. Mzee alinieleza kwamba kusi ikianza kuvuma baadaye katika mwaka, mambo yanageuka, shimo lililokuwa rahisi linakuwa kasheshe. Uwanja mmoja, mitihani miwili.

Mimi nilifuata maneno ya mzee, nikapiga kadiri ya mkono wangu, nikamaliza na mikwaju 98. Siyo haba kwa kijana aliyeazima fimbo.

Ila utamu wa siku ile ulikuwa shimo la 16. Binamu na mwenzake walifika pale wakiwa sawasawa, 77 kwa 77. Mpira wa binamu uliangukia pembeni, chini ya mti, penye majani makavu. Mwenzake yuko mbali upande wa pili, ametupa mgongo. Binamu akainama kuondoa jani moja, jambo ambalo linaruhusiwa. Lakini mpira ukasogea. Nusu mzunguko tu, hata urefu wa kiberiti haufiki.

Sheria inasema ukiondoa jani na mpira ukasogea, unaurudisha ulipokuwa na unajiongezea mkwaju mmoja. Nani wa kukuongezea? Hakuna! Huku hakuna refa wa kupuliza filimbi wala kadi nyekundu. Mtu na roho yake.

Binamu alisimama pale kimya. Nadhani aliziona zile tairi mbili zikibingirika kushuka kilimani kuelekea baharini. Halafu akanyoosha mkono na kuita kwa sauti, "Bwana, mpira wangu umesogea! Najiongezea mmoja!" Mwenzake akapunga mkono kwamba amesikia, basi, mchezo ukaendelea.

Mwisho wa shimo la 18 hesabu ikasoma 94 kwa 93. Binamu kapigwa kwa mkwaju mmoja, uleule. Akatoa elfu kumi, mwenzake akazipokea na kuzihesabu bila aibu, kisha akatununulia soda.

Tukiwa tunarudisha mifuko, yule mzee akaniambia taratibu, "Nami niliuona ule mpira ukigeuka."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Si wangu, mwanangu. Nilikuwa nangoja mwenyewe."

Tulirudi Mombasa na tairi zilezile kipara, binamu akiendesha kilomita hamsini kwa saa huku akipiga mluzi. Hakuonekana mtu aliyepoteza kitu.

Sasa nawe kijana, kama umevutiwa, usianze kwa kukopa hela ya fimbo mpya. Anzia kiwanja cha mazoezi, azima fimbo moja, namba 7 inatosha, piga mipira mpaka viganja viote sugu. Hapa Dar tuna Gymkhana na Lugalo, nenda ukaulize utaratibu. Siku ukienda Vipingo, piga simu kwanza, maana huwezi kuibuka tu getini kama unaingia disko. Vaa fulana yenye kola, jinzi iache nyumbani. Na ukipewa kedi mzee, funga mdomo umsikilize, yeye anaujua upepo kuliko wewe.

Halafu ukifika penye majani makavu, inama polepole.

Tukutane wiki ijayo!