Kabla ya Kulipia Jimu, Piga Hesabu ya Unachokipenda

Bei iliyobandikwa mapokezi ya jimu haikuambii utalipa kiasi gani. Chukua jimu inayotoza shilingi 80,000 kwa mwezi. Anayekwenda mara tatu kwa wiki analipa chini kidogo ya 7,000 kila anapoingia. Anayekwenda Jumamosi tu analipa 20,000 kwa mashine zilezile. Na aliyelipa miezi mitatu kwa mkupuo ili apate punguzo, akaenda wiki mbili za mwanzo kisha akapotea, huyo hata hesabu hataki kuipiga.

Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier waliipiga kwa niaba ya watu kama hao. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006 walifuatilia mahudhurio ya wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani kwa miaka mitatu. Waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali palikuwa na tiketi ya safari kumi ambayo ingewapa kila safari kwa dola 10. Na wengi waliendelea kulipa baada ya kuacha kwenda: kutoka siku ya mwisho kuingia jimu hadi kujitoa uanachama ilipita wastani wa zaidi ya miezi miwili. Si kwamba watu hao walikuwa wavivu kuliko mimi na wewe. Siku ya kulipa, kila mmoja alikuwa anamlipia mtu aliyetamani kuwa.

Ninaamini pesa ya kupunguza uzito inafanya kazi vizuri zaidi ikiwekwa kwenye jambo ambalo ungelifanya hata kama mizani isingesogea. Kupungua ni kazi ya miezi mingi, na mizani huchelewa sana kuleta habari njema. Mpenda baiskeli hupata malipo yake siku ileile: kilima alichokipanda wiki iliyopita akiikokota baiskeli kwa mkono, leo amekimaliza akiwa juu ya siti. Mpenda dansi naye hana shida na kiuno cha mtu wa kwenye tangazo. Anachotaka ni kucheza sebene mpaka mwisho bila kurudi kitini kuhema. Uzito ukiwa ndio unaomzuia, sababu ya kupungua anayo tayari, na ni yake mwenyewe.

Sasa tulinganishe. Kwa mtu wa kilo 85, saa moja ya kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa huchoma kama kalori 300. Kuogelea bila kushindana ni kama 500, baiskeli ya mwendo wa kawaida 580, mpira wa mtaani 600, na kukimbia kilomita 8 kwa saa 700. Ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa kazi. Saa tatu za baiskeli kwa wiki zinafikisha kama kalori 7,000 kwa mwezi, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kalori 7,700. Maana yake hata anayejituma hivyo hapunguzi kilo moja kamili ya mafuta kwa mwezi kwa baiskeli peke yake, na hapo tumechukulia kwamba sahani yake haikuongezeka. Anayekuuzia kilo kumi ndani ya mwezi mmoja, kwa dawa, kwa chai au kwa mkanda wa tumboni, mpite.

Nianze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo inayotisha zaidi siku ya kununua na ndiyo inayorudisha zaidi baadaye. Tuseme umepata ya mtumba kwa 250,000. Kofia, taa na kufuli vikachukua 60,000, na fundi akala 10,000 kila mwezi. Mwaka mzima ni 430,000. Ukiendesha mara tatu kwa wiki kwa wiki 48, kila safari imekugharimu kama 3,000. Ikiwa umeendesha mara ishirini tu, kila safari ni 21,500, na hapo hata anayekwenda jimu kila Jumamosi tu amelipa nafuu kuliko wewe. Ila baiskeli ina kitu ambacho uanachama hauna: unaweza kuiuza. Na ikiwa kazini ni kilomita chache, kila siku unayoiacha daladala unaokoa nauli ya kwenda na kurudi. Kwa nauli ya 600, siku nne kwa wiki zinarudisha 4,800.

Mtu mwenye mwili mkubwa achague kwa makini. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha uzito, na mara nyingi ni kilo 120 pamoja na mzigo, kwa hiyo usiivamie baiskeli nyembamba ya mashindano kwa sababu tu inang'aa. Tafuta yenye tairi pana na magurudumu yenye spoku nyingi. 36 ni bora kuliko 28. Ukifika kwa muuzaji, inua gurudumu, lizungushe, na uangalie linapopita katikati ya breki. Likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika mkono wa pedeli uutikise kwa pembeni. Ukicheza, huenda gololi zimekwisha. Kisha kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Watu wengi huendesha siti ikiwa chini mno, magoti yakauma ndani ya wiki mbili, wakaamua kwamba baiskeli haiwafai. Kurekebisha urefu wa siti ni kazi ya spana moja na dakika tano.

Klabu za jogingi ndizo utajiri mkubwa wa mitaa yetu, Bara na Zanzibar. Alfajiri ya Jumamosi au Jumapili utawasikia kabla hujawaona: mchakamchaka, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, viatu vyote vinatua pamoja. Mtu mzito anayejikongoja nyuma haachwi. Yuko anayerudi kumchukua. Ukiwa peke yako barabarani unakata tamaa kwenye kona ya tatu. Ukiwa ndani ya wimbo unaimaliza kona bila kujua. Kwa anayependa watu, ni vigumu kupata zoezi la pesa kidogo zaidi ya hili: mchango mdogo wa mwezi, fulana ya klabu na raba.

Kwenye raba ndipo pa kutumia pesa. Mtu wa kilo 95 anaitwisha soli kazi kubwa, na viatu vya kukimbilia kwa kawaida huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Raba za mtumba zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya za bei rahisi, mradi uzikague. Ziweke juu ya meza, uzitazame kwa nyuma. Zikilala upande mmoja, aliyezivaa kabla yako amezimaliza upande huo. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, haitalinda goti lako hata ikiwa ngozi ya juu inapendeza.

Kuna jambo la klabu hizi ambalo lazima nilitaje kwa sababu ninazipenda. Mbio zikiisha, watu hukaa kwenye supu. Supu ya mbuzi, chapati mbili, soda ya nusu lita. Chapati moja ya mafuta inaweza kufika kalori 300, na soda yenye sukari gramu 53 ina kalori 212. Bila hata kuhesabu supu, umerudisha 800, na zile kilomita 8 zilichoma 700. Klabu inaweza kubaki na kikao chake na bado ikawasaidia wanachama: supu yenyewe, ndimu, pilipili, chapati moja, maji. Mwenye nia ya kupungua alisemee hili kwa viongozi wa klabu. Wengi waliokaa mezani wanalingojea lisemwe.

Dansi ina tatizo la aina hiyohiyo. Wapenzi wa bendi za Msondo na Sikinde wanajua kwamba sebene ikishaanza haina haraka ya kuisha, na mtu anayecheza kweli kwa saa mbili amefanya mazoezi yanayomtoa jasho sawa na mtu wa jimu. Kiingilio mara nyingi ni kidogo. Gharama iko mezani: chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori 200 na zaidi, na nyama choma nayo haiji peke yake. Anayependa muziki wenyewe anaweza kuigeuza hesabu hii kwa kucheza nyumbani siku nne kwa wiki, spika ikiwa juu ya kabati, na kwenda ukumbini mara moja kwa mwezi kuonyesha alichokijenga. Nyumbani ni bure. Kati ya njia zote ninazozijua, hakuna inayomfaa zaidi mama mwenye watoto wadogo asiyeweza kutoka alfajiri, na watoto watacheza naye.

Kuogelea kunafaa sana kwa mwenye magoti mabovu, kwa kuwa maji yanambebea uzito. Bwawa la hoteli hutoza kila unapoingia, kwa hiyo uliza kama kuna kadi ya safari nyingi, na mwanamke anayetaka saa za wanawake pekee aulize kabla ya kutoa pesa. Bahari ni bure, ila inataka ujue kujaa na kupwa, na uwe na mwenzako. Asiyejua kuogelea aanze kwa kumlipa mwalimu.

Mpira wa maveterani ni raha, lakini ni mchezo wa kukurupuka na kusimama ghafla. Aliyekaa miaka kumi bila kukimbia atembee na kukimbia polepole mwezi mzima kwanza, ndipo avae jezi.

Mlima siuhesabu kama zoezi la wiki. Ninauhesabu kama tarehe ya kwenye kalenda. Usambara na Uluguru zinafikika kwa basi, na Mtanzania anayeiota Kilimanjaro, mita 5,895, hulipa ada ya hifadhi iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya mgeni. Kilo zinapungua wakati wa maandalizi, kwenye ngazi za ofisini na matembezi ya Jumapili. Vilevile Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, ina mbio za kilomita 5 ambazo mtu anaweza kuzitembea zote. Ada ya kujiandikisha ni pesa nzuri kwa mtu anayehitaji tarehe ili aamke.

Vipi kama unachokipenda hufanyika ukiwa umekaa? Kuna wapenzi wa riwaya, wa vipindi vya redio, wa mawaidha, wa uchambuzi wa soka. Katherine Milkman na wenzake walilijaribu jambo hili Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliwapa watu riwaya za kusisimua za kusikiliza, ila zilisikilizwa jimu tu. Mwanzoni walikwenda jimu kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao wasiopewa. Baada ya likizo ya Thanksgiving tofauti ikafifia. Hilo lisikuvunje moyo, linakufundisha kujiandaa: Ramadhani, Krismasi au msiba vikikata mazoea, pakua kitu kipya usichojua mwisho wake, uanze tena. Gharama ni spika za masikioni na bando. Kipindi unachokipenda kiwe cha kutembea, na ukifika nyumbani kikatie palepale kwenye utamu. Barabarani acha sikio moja wazi usikie bodaboda.

Jimu yenyewe siikatai. Wapo wanaopenda chuma kwa dhati, na kunyanyua vitu vizito husaidia misuli isiondoke pamoja na mafuta. Wapo wanaoishi mahali ambapo barabara si salama kwa mwanamke saa kumi na mbili asubuhi. Kwao, dai la kwanza liwe malipo ya siku. Lipa kwa siku mwezi wa kwanza hata kama mwenye jimu anakuonyesha punguzo la mwaka. Mahudhurio yako mwenyewe ndiyo yatakayokuambia ni mpango upi ulio nafuu.

Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua au goti lililovimba apite kwa daktari kabla ya yote haya.

Ningekuwa na laki moja mwezi huu, ningetoa 10,000 kupima presha na sukari, 40,000 kwa raba za mtumba zilizokaguliwa vizuri, na 5,000 kwa mchango wa klabu ya mtaani. Zile 45,000 zinazobaki ningeziacha mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi. Kufikia hapo nitakuwa ninajua ni lipi ninaloliamkia bila kengele, na pesa hiyo itakwenda huko: fulana ya klabu, tiketi za bwawa, au malipo ya kwanza ya baiskeli.