Umehamia mahali papya, mbona kichwa hakiachi kuuma?

Mama, kama mmehamia Njombe au Makete kutoka kwenye joto la Dar es Salaam na kichwa kinauma mara kwa mara, usikimbilie panadol kila siku. Jiulize kwanza: kinauma zaidi asubuhi? Watoto nao wanalalamika? Mkitoka nje kinatulia?

Kama ni ndiyo, tazama jiko la mkaa. Wakati wa baridi wengi huliingiza chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu huzuia oksijeni kufika mwilini. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa pia, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kichwa huuma, kinafuata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu anaweza kufa akiwa amelala. Jiko litoke nje kabla ya kulala. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mkipata dalili hizo tokeni nje wote, kisha nendeni kituo cha afya hata mkijisikia nafuu, hasa mjamzito, kwani sumu humfikia mtoto tumboni.

Huenda pia unakunywa maji kidogo kwa sababu ya baridi, au hulali vizuri. Mtoto anayeumwa kichwa akitoka shule labda haoni ubao. Akiwa na homa apimwe malaria. Anaweza kuwa amekuja nayo kutoka Dar.

Shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, degedege, au mjamzito kuona ukungu: usisubiri kesho.