Ovataimu ya msaidizi wako: piga hesabu kabla ya kutangaza ofa

Wauzaji wenzangu, mwisho wa mwezi ndio huu. Ofa zinatoka, oda zinamiminika, na dada anayefunga mizigo anaambiwa "malizia hizi kwanza". Wengi wanamtoa na nauli ya bodaboda wanaona yameisha. Hapana. Nauli sio ovataimu.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi masaa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Zaidi ya hapo ni ovataimu: mkubaliane kwanza, na kila saa unalipa mara moja na nusu.

Twende na mfano. Unamlipa 2,000 kwa saa. Jumatatu hadi Ijumaa masaa 8, Jumamosi 5. Jumla 45. Wiki ya ofa, Alhamisi na Ijumaa kaongeza masaa 2 kila siku. Jumla 49.

45 × 2,000 = 90,000
4 × 3,000 = 12,000
Jumla = 102,000

Analipwa kwa mwezi? Kama anafanya masaa 45 kwa wiki, gawa mshahara kwa 195 upate bei ya saa. Mfano 312,000 ÷ 195 = 1,600. Ovataimu yake ni 2,400 kwa saa.

Mambo manne yanayosahaulika:

1. Siku yake ya mapumziko au sikukuu: kila saa ni mara mbili. Kwa wa 2,000, ni 4,000.

2. Saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi: ongeza asilimia 5. Saa ya kawaida inakuwa 2,100, ya ovataimu 3,150. Wa laivu za usiku mpo?

3. Saa moja ya chakula hailipwi, ila akiwa huru kweli. Ukimwachia simu ya biashara ajibu wateja huku anakula, hiyo ni kazi. Ihesabu.

4. Kuna kikomo: masaa 12 kwa siku pamoja na ovataimu, na ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne.

Sasa angalia upande wa faida. Tuseme yale masaa 4 amefunga oda 40. 12,000 ÷ 40 = 300 kwa kila oda. Kama kwenye ofa yako ulibakiza faida ya 500, sasa imebaki 200, na bado hujanunua mifuko. Ndio maana hesabu hii inafanyika kabla ya kuposti ofa. Ikishaposti, wa kubanwa anakuwa yule dada, na yeye hakupanga bei.

Nunua kadaftari. Kila siku andika saa aliyoingia na saa aliyotoka, wote wawili msaini. Siku ya malipo hakuna kubishana, na mtu anayelipwa jasho lake hafungi mzigo wa mteja hovyo hovyo.