Diski Inagonga "Tik Tik"? Zima Lapi Kabla Hujapoteza Kila Kitu

Ni saa nne usiku, proje ya chuo inatakikana kesho asubuhi, na lapi imeamua kuganda. Unafungua folda, kaduara kanazunguka tu dakika tatu. Humo ndani ndio kuko na picha za mwisho za shosho, na hujawahi kuzihifadhi mahali pengine. Mazee, tulia. Chenye utafanya saa hii ndicho kitaamua kama utaziona tena.

Kama ni diski ya nje, badilisha waya kwanza, halafu uchomeke kwa tundu ingine ya USB. Usicheke. Kuna wasee wamelia usiku mzima na shida ilikuwa waya ya soo mbili.

Sasa skiza. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani inazunguka mara 5,400 ama 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake karibu sana, hata punje ya vumbi haitoshei hapo katikati. Ukiskia tik tik mfululizo, kuna uwezekano mkubwa hicho kichwa kimeumia, na kila sekunde umeiacha ikiwaka kinaweza kukwaruza sahani. Zima hapo hapo. Hakuna programu itakusaidia. Hiyo ni ya mafundi wenye wako na chumba kisicho na vumbi, na bei yao si mchezo. Usiifungue na bisibisi kejani. Na ile stori ya kuiweka kwa friza achana nayo: ikitoka, unyevu unatulia juu ya sahani na umeimaliza.

Lakini kama haigongi, inaonekana kwa lapi ila inasoma polepole kama mtu amechoka, hapo uko na chansi. Windows itakuuliza kama irekebishe makosa. Kataa! Hiyo chkdsk inaandika upya orodha ya faili kwenye diski yenye inakufa, na unaeza kubaki na vipande havina majina. Kwanza unakopi diski yote. Kutafuta faili ni baadaye, tena kwa ile kopi.

Omba beste yako diski yenye iko na nafasi kubwa kuliko hiyo mgonjwa. Ikuwe imefomatiwa exFAT, si FAT32, juu FAT32 inakataa faili ikipita GB 4. Weka SystemRescue kwa flashi (ni ya bure), washa lapi nayo, uandike lsblk uone diski zako zinaitwa aje. Ingia kwa folda ya ile diski nzima, halafu, kama mgonjwa ni sdb:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Soma hiyo laini mara mbili. Mgonjwa anatangulia, kopi inafuata. Usizibadilishe.

Utamu wa ddrescue ni hii: inabeba sehemu nzima kwanza na kuruka zile mbovu, badala ya kukwama hapo ikichosha diski. Ile faili ya map inakumbuka imefika wapi, so stima ikipotea unarudia amri ile ile na inaendelea. Inaeza kuchukua usiku mzima, hata siku mbili. Wekea diski feni, ipate hewa. Ikimaliza, rudia, sasa na -d -r3 badala ya -n, ijaribu zile sehemu ngumu mara tatu zaidi.

Sasa fungua diski.img na TestDisk ama PhotoRec, zote ni za bure. TestDisk inaeza kukurudishia folda vile zilikuwa. PhotoRec inaokoa sana lakini majina yote yanapotea, utakaa wikendi ukifungua picha moja moja.

Ukiwa na SSD, hakuna tik tik. Hiyo siku ingine inakataa tu kuonekana, na ukifuta kitu, mara nyingi imekifagia kabisa yenyewe.

Na kama umeona hii kazi si yako, ukifika kwa fundi tao muulize swali moja kabla umwachie: "Utaanza kukopi ama kurekebisha?" Akisema anafomati kwanza ndio aangalie, chukua diski yako utoke.