Ua Halimnyimi Mgonjwa Hewa



Ndugu wasomaji, tunapowatembelea wagonjwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Songea tunaona mengi. Bibi mmoja alikuwa na okidi dirishani, ua alilolikuta kwenye tawi la mti ulioangushwa na wachoma mkaa. Alilitunza miaka mitatu ndipo likachanua, manjano yenye madoa ya kahawia. Mwezi wa Julai akaugua kifua. Watoto wake wakalitoa ua nje, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba maua hunyonya hewa ya mgonjwa usiku. Asubuhi wakakuta mbuzi wamelimaliza. Lakini usiku uleule, katika chumba kilekile, walifunga dirisha wakamwekea bibi jiko la mkaa apate joto. Bahati njema mjukuu alisikia bibi anatapika, akafungua mlango.

Basi tulieleze jambo hili. Ni kweli mimea hupumua usiku kama sisi. Hata hivyo, hewa inayotumiwa na ua moja la chunguni ni kidogo mno. Binadamu mmoja aliyelala chumbani hutumia nyingi kupita kiasi hicho mara nyingi sana. Tena baadhi ya okidi, hasa zenye majani mazito, hufungua vitundu vya majani yao usiku ili kuvuta hewa ya ukaa, ile tunayoitoa sisi puani. Wenye pumu nao wasihofu chavua yake: imeshikamana katika vidonge vinavyobebwa na wadudu, wala haipeperuki kama ya nyasi. Ikiwa harufu ya ua inamsumbua mgonjwa, lihamishieni sebuleni, yatosha.

Jiko ndilo la kuogopwa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, mtu akasinzia asiamke tena. Wengi hudhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama, sivyo kabisa. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu penye jiko, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mgonjwa aongezewe blanketi, au awekewe miguuni chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Sasa turudi kwenye ua, maana akina mama wametuuliza namna ya kulitunza. Okidi kama ya bibi yule, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, huishi juu ya miti. Haimnyonyi mti, imeushikilia tu. Kwa hiyo ukiipanda katika udongo mizizi huoza. Tafuta chungu au kopo lenye matundu mengi, ulijaze vipande vya magome ya mti vilivyochanganywa na vipande vya mkaa (mkaa usiowashwa, ndugu zangu!). Iweke penye mwanga mwingi, kama dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi. Mwagilia asubuhi, kisha acha ikauke kabla ya kumwagilia tena. Mizizi yenyewe itakuambia: ikiwa ya kijani ina maji, ikigeuka ya kijivu ina kiu. Wakati wa kiangazi na baridi punguza maji, kwani hata porini huo ni muda wake wa kupumzika. Okidi nyingi hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi, kwa mapenzi ya mwenye nyumba.

Kisahani cha chini ya chungu kinahitaji jicho. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi, lakini mbu wa homa ya dengue, ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika vyombo vidogo kama hivi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na kuvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi; sugua kisahani kwa brashi kila wiki.

Msiende kubandua okidi katika msitu wa hifadhi wa Matogoro. Huo ndio chanzo cha mto Ruvuma, na hakichukuliwi kitu humo bila kibali. Bali penye shamba jipya, au mti ukiangushwa kijijini, okidi zilizolala chini zitakufa tu. Mwombe mwenye shamba, ukate ua pamoja na kipande cha tawi lililoshikilia, maana mizizi ikivutwa hukatika. Bibi yetu alipona, naye alipata lake jipya kwa njia hiyo. Linaning'inia barazani, juu, mbuzi wasipofika.